Fedha ya Korosho Isiishie Gulioni

(Mazungumzo haya yalisomwa mbele ya wanachama kwenye mkutano wa kufungua msimu. Tumeyaandika hapa ubaoni kwa faida ya waliokosa kufika. Asiyejua kusoma asomewe na mwenzake.)



Msimu umefika. Korosho zinaanza kudondoka, magunia yanatafutwa, na siku si nyingi tutasikia habari za mnada. Kila mtu anauliza, bei mwaka huu itakuwaje? Swali hilo ni zuri. Leo tunauliza la pili: fedha ikishaingia, itakwenda wapi?

Mfanyakazi wa mshahara akikosea mwezi huu, mwezi ujao atajirekebisha. Sisi wakulima wa korosho huku Kusini fedha yetu huingia kwa msimu, kuanzia Oktoba mpaka Januari hivi, halafu basi. Ukiitupa Desemba, utajuta mpaka Oktoba nyingine. Na hapo katikati kuna mambo yasiyongoja mtu. Januari shule zinafunguliwa. Februari na Machi chakula cha ndani kimepungua. Ikifika Mei au Juni mikorosho inataka kupulizwa dawa ya ubwiriunga. Hata pale dawa inapotolewa kwa ruzuku, kibarua wa kupuliza na petroli ya mashine unalipa wewe.

Wachuuzi wanaijua kalenda yetu kuliko sisi wenyewe. Mwezi wa Agosti huwaoni. Malipo yakitoka tu, magari yanaingia na magodoro, redio, simu, taa za sola, na kipaza sauti juu: "Bei ya leo tu! Kesho hakuna!" Hatusemi kuwa biashara ni kosa. Tunasema mtu anayekukimbiza kununua, muache akimbie peke yake. Kitu kizuri leo, kesho ni kizuri vilevile.

Kwa hiyo Kamati inawaomba mshike mambo sita.

1. PANGENI KABLA FEDHA HAIJAFIKA, NA PANGENI WOTE NYUMBANI.
Akaunti ya benki ina jina la baba, sawa. Lakini korosho zile ziliokotwa na nani? Mama aliinama, watoto waliinama. Sasa inakuwaje baba anateremka mjini peke yake na kurudi na spika kubwa, na mama anasikia muziki kabla hajasikia habari za malipo? Kaeni chini jioni moja. Andikeni kwenye daftari: chakula, shule, matibabu, shamba. Hayo yakishatengwa, kinachobaki ndicho cha gulioni. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

2. HESABU BEI KWA KILO, SI KWA SHILINGI.
Shilingi ni nyepesi mkononi, kilo ni nzito mgongoni. Tuseme korosho imelipwa shilingi 2,500 kwa kilo. Redio ya shilingi 150,000 ni kilo 60. Kama mkorosho wako unakupa kilo 6, hiyo ni mikorosho 10 uliyoipalilia, ukaipuliza na kuiokota mwaka mzima. Jiulize: redio hii inastahili mikorosho 10? Kama jibu ni ndiyo, nunua kwa furaha. Kama unasita, rudi nyumbani ukalale kwanza.

3. KUNA VITU VINAVYOKULA.
Meza ukiinunua inakaa kimya. Pikipiki haikai kimya. Inadai petroli, oili, tairi, bima na leseni ya dereva. Wengi huhesabu bei ya kununua tu, na baada ya miezi minne pikipiki imesimama ukutani, kuku wanailalia. Kabla hujatoa fedha uliza: kitu hiki kitakula nini kwa mwezi, na nitakilisha kwa nini?

4. KAGUA KWA MACHO NA KWA MIKONO.
Tuanze na bati, maana hapa watu wanaumia sana. Unaambiwa "hii ni geji 32", nawe unaona 32 ni kubwa kuliko 28, basi ni bati nene. Siyo! Kwa bati, namba ikiwa kubwa bati ni jembamba. Geji 32 ni nyembamba kuliko 30, na 30 ni nyembamba kuliko 28. Bati jembamba hujikunja upesi na upepo hulisumbua, na kwa wenzetu walio karibu na bahari, hewa ya chumvi hulimaliza mapema. Chukua futi ya seremala, pima urefu mwenyewe, usipimiwe kwa mdomo.

Mbegu ya mahindi ni hatari zaidi, maana ukidanganywa hujui mpaka mvua imeshapita, na mvua hairudishwi dukani. Nunua pakiti ambayo haijafunguliwa, yenye lebo ya TOSCI, na uhakiki namba ya lebo kwa simu. Ukikuta mbegu imemwagwa kwenye beseni inapimwa kwa kopo, hiyo ni nafaka ya kula.

Vifaa vya umeme na taa za sola, omba viwashwe mbele yako. Tazama alama ya TBS, lile shirika la viwango lililoanzishwa mwaka 1975. Na dai risiti ya mashine, ndivyo sheria inavyotaka. Risiti ndiyo mdomo wako siku kitu kikiharibika. Bila risiti utabaki kusema "nilinunua kwa yule kijana mwenye kofia", na kijana mwenyewe ameshahama.

5. USINUNUE KWA KOROSHO ILIYO MTINI.
Hili ndilo kubwa kuliko yote. Julai au Agosti mfuko mtupu, mtu anachukua simu ya shilingi 100,000 na kuahidi kilo 80 za korosho msimu ukifika. Kwa bei ile ile ya shilingi 2,500, kilo 80 ni shilingi 200,000. Amenunua simu moja kwa bei ya mbili! Na huyo anayekuja kuchukua korosho shambani kwa bakuli lake ni kangomba yule yule ambaye Serikali imemkataza. Mfumo wa stakabadhi ghalani ulianza kwenye korosho mwaka 2007 ili mazao yetu yapimwe kwa mizani na kuuzwa kwa mnada. Sasa tukishaziuza zikiwa bado maua, tutapeleka nini kwenye mizani? Mwenye shida ya kweli, ya ugonjwa au njaa, aje kwenye chama tuzungumze mapema. Asione haya.

6. TUNUNUE PAMOJA.
Mmoja akienda kununua bati 20 analipa bei ya rejareja na nauli ya gari peke yake. Wanachama 10 wakiandikishana, wanakwenda kwa muuzaji wa jumla, wanakodi gari moja, na jicho la mmoja likipitiwa la mwingine linaona. Daftari la wanaotaka bati na mbegu liko kwa Katibu kuanzia leo. Njoo uandike jina na idadi. Fedha italipwa malipo yakitoka, siyo sasa.

Ndugu Wanachama, hatumkatazi mtu kufurahi. Mama avae kanga mpya, watoto wale pilau, mzee apate redio yake. Jasho ni letu na raha ni yetu. Tunachotaka ni kwamba ikifika Machi, mwanachama awe na unga ndani na mtoto awe darasani, asianze kuuza redio ile ile kwa nusu ya bei ili anunue debe la mahindi.

Tukutane ghalani.

KAMATI YA ELIMU YA CHAMA