Jua la Garissa na Tokeni ya Kawangware



Swali linaloulizwa mara nyingi mitaani ni hili: ikiwa jua la Garissa ni la bure, na serikali ilijenga kituo kikubwa cha sola huko, mbona tokeni ya shilingi mia mbili inaisha upesi vilevile? Ni swali la haki.

Kituo hicho kilizinduliwa Desemba 2019 na Rais wa wakati huo, Uhuru Kenyatta. Kilijengwa chini ya REREC, shirika la umma la umeme wa mashinani, kwa mkopo wa Benki ya Exim ya Uchina. Kimekalia hekta 85 na kina paneli zaidi ya laki mbili. Jua likiwa kali, zinaweza kutoa takriban megawati 50. Kwa mwaka, ilikadiriwa zitatoa yuniti milioni 76 hivi. Ni nyingi, lakini haifiki asilimia moja ya stima inayotumika Kenya nzima. Picha za paneli zilizotandazwa jangwani hupendeza. Hesabu hii haionekani pichani.

Stima hiyo haisafiri na jina lake. Inapita Mwingi hadi Kindaruma, inaingia gridi ya taifa na kuchanganyika na ya mvuke wa Olkaria, ya upepo wa Marsabit na ya maji ya Mto Tana. Anayepiga pasi Kangemi saa saba mchana hawezi kujua anatumia ipi.

Faida yake kubwa iko kwenye mabwawa ya Tana. Jua linapowaka, sehemu ya maji inaweza kubaki bwawani ikingoja jioni. Mvua ikikosa na maji yakapungua, mitambo ya mafuta huwashwa zaidi, na gharama hiyo humfikia mteja. Kila mwezi EPRA hutangaza ada ya mafuta, nayo hukatwa papo hapo mtu anaponunua tokeni. Humo humo kuna VAT ya asilimia 16, ada ya umeme wa mashinani, na nyongeza ya mabadiliko ya bei ya dola. Jua halitozwi, sawa, lakini mkopo, nguzo na transfoma hulipiwa.

Halafu kuna saa ya giza. Kituo cha Garissa kilijengwa bila betri za kuhifadhi umeme. Saa moja jioni paneli zimelala, na hapo ndipo Nairobi inaporudi nyumbani: taa, televisheni, birika, vibanda vya chipsi. Kati ya saa moja na saa tatu usiku nchi huhitaji stima kuliko wakati wowote, na Garissa haina la kuchangia.

Asidanganywe mtu kwamba akihamishia kazi za nyumbani mchana tokeni itadumu zaidi. Kwa mteja wa nyumbani, yuniti ni bei moja mchana na usiku. Kinachobadilisha bei ni wingi wa yuniti anazotumia kwa mwezi. Nafuu ya saa maalum iliyoanza Desemba 2017 ililenga viwanda na biashara, tena hasa kwa saa za usiku.

Jua linalopunguza bili moja kwa moja ni lile la juu ya paa. Chuo Kikuu cha Strathmore, pale Madaraka, kiliweka paneli za kilowati 600 mwaka 2014. Shule, kanisa, kinyozi na fundi wa kuchomelea wanatumia stima mchana, kwa hiyo hesabu yao inaweza kukubali. Mpangaji wa ploti ana kazi ngumu zaidi, maana paa ni la mwenye nyumba.

Anayetaka kuweka sola aanze kwa kudai leseni ya EPRA ya fundi, na aione kwa macho yake kabla ya kutoa hata senti ya malipo ya awali.