Mombasa: Mchana Mmoja wa Wageni wa Meli

Katika miezi ya kaskazi, kuanzia Novemba hadi kukaribia Aprili, meli kubwa za watalii huonekana alfajiri zikiingia bandari ya Kilindini, mjini Mombasa, katika nchi jirani ya Kenya. Meli ya namna hiyo ni mji unaoelea. Ina vyumba, majiko, zahanati na mamia ya watu, pengine maelfu, wengi wao wazee waliokwisha kustaafu kazi huko Ulaya na Marekani. Hukaa gatini mchana mmoja tu. Usiku ukiingia huwa imekwisha ng'oa nanga, na mara nyingi bandari inayofuata, au ile iliyotangulia, ni Zanzibar.

Baadhi ya abiria hupelekwa Tsavo kutazama tembo. Waliobaki hupangwa katika mabasi ili kuutembelea mji, na ziara hiyo ina desturi yake isiyobadilika sana. Basi hupita chini ya pembe za ndovu za bati zilizosimamishwa na utawala wa Kiingereza katika miaka ya 1950, na wageni hupiga picha. Huenda Marikiti kunusa iliki na pilipili manga. Kisha hushuka Ngome ya Yesu, ambayo wenyeji wengi huiita Fort Jesus, na baada ya hapo hutembea kwa miguu katika Mji wa Kale, kupitia Ndia Kuu, kutazama milango ya nakshi na mabaraza. Chakula cha mchana huwangoja melini.

Mahali panapostahili kusimama kwa muda mrefu zaidi ni ngome yenyewe. Wareno waliijenga kati ya mwaka 1593 na 1596, kwa ramani ya Mwitaliano Giovanni Battista Cairati. Askari yeyote akiingia humo ataelewa upesi nia ya fundi huyo: buruji nne zimewekwa pembeni kwa namna ambayo kila moja huulinda ukuta wa mwenzake kwa mizinga, wala adui aliyefika chini ya ukuta hapati pa kujificha. Mwaka 2011 Shirika la UNESCO liliiandika katika orodha ya urithi wa dunia, na sababu mojawapo ilikuwa ubora wa ramani hiyo ya kivita.

Lakini ramani haikutosha. Mwezi Machi 1696 majeshi ya Oman yaliizingira ngome, na mzingiro huo ukaendelea kwa miezi 33. Hapa ndipo masimulizi wanayopewa wageni huwa mafupi mno. Huambiwa kwamba Wareno walipigana na Waarabu, na Waarabu wakashinda. Kwa hakika, Wareno waliokuwa ndani tangu mwanzo hawakufika mia moja, na maradhi yaliwamaliza kabla ya risasi. Ulipofika mwaka 1697, aliyeishika amri ya ngome alikuwa Bwana Daud wa Faza, mtu wa visiwa vya kaskazini, akiwa na watu wake pamoja na wanawake wa Kiafrika waliosimama ukutani kama askari. Kwa muda fulani, basi, boma hilo la mfalme wa Kireno lililindwa na watu wa pwani peke yao. Walikuwa na sababu zao, kwa maana Faza ilikuwa na ugomvi wake na Pate, na Pate ilikuwa upande wa Oman. Wajukuu wa watu hao wangali wakiishi pwani hii. Kumsimulia mgeni vita hivyo bila ya kuwataja ni kuwafanya watu wa pwani kuwa watazamaji katika nchi yao wenyewe, na hilo ndilo wakoloni walilokuwa wakilifundisha.

Msaada kutoka Goa ulikuja vipande vipande. Manowari Santo António de Tanná ilizama mbele ya ngome mwaka 1697, na vitu vilivyoopolewa na wapiga mbizi tangu mwaka 1977 vimewekwa katika makumbusho yaliyomo humo ngomeni. Ngome ilianguka tarehe 13 Desemba 1698. Siku chache baadaye zikatokea merikebu nyingine za msaada, zikaiona bendera ya Oman juu ya ukuta, zikageuza tanga. Waingereza nao waliifanya gereza kuanzia mwaka 1895 hadi 1958.

Ndugu wasikilizaji, mchana huo mmoja wa wageni hutegemea ulinzi ambao wao hawauoni. Asubuhi ya tarehe 5 Novemba 2005, meli ya watalii Seabourn Spirit, iliyokuwa ikitoka Misri kuja Mombasa, ilishambuliwa na maharamia wenye mashua mbili karibu na pwani ya Somalia. Walikuwa na bunduki za rashasha na makombora ya roketi. Walinzi walitumia bomba la maji na chombo cha kupaza sauti kali yenye kuumiza masikio, na nahodha akaongeza mwendo kuelekea bahari kuu. Mlinzi mmoja alijeruhiwa. Meli ikaokoka, lakini ilikwenda Shelisheli, na mabasi ya Mombasa hayakupata abiria wake. Tarehe 25 Aprili 2009 ilikuwa zamu ya MSC Melody, nayo ilishambuliwa katika eneo la Shelisheli, na walinzi wake wakawafukuza maharamia.

Katika miaka hiyo meli za watalii ziliikimbia bahari hii. Manowari za mataifa mengi zilianza doria, zile za Umoja wa Ulaya zikianza Desemba 2008, na Kenya ikakubali kuwashtaki washukiwa. Mahakama yenye ulinzi maalumu ilifunguliwa Shimo la Tewa, Mombasa, mwezi Juni 2010. Baada ya mwaka 2012 mashambulizi yalipungua sana, na meli zikarejea kidogo kidogo.

Nchi kavu nako kuna kumbukumbu zake. Usiku wa tarehe 13 Agosti 1997 kituo cha polisi cha Likoni kilivamiwa, polisi wakauawa na silaha zikaibwa. Hoteli za pwani zikabaki tupu, na vijana waliokuwa wapishi na madereva wakarudi nyumbani mikono mitupu. Tarehe 28 Novemba 2002 gari la mabomu lililipua hoteli huko Kikambala. Wengi wa waliokufa walikuwa Wakenya, miongoni mwao wacheza ngoma waliokuwa wakiwakaribisha wageni.

Kwa hiyo si ajabu kuwaona Polisi wa Utalii wakiwa wengi siku ya meli. Kazi yao ni ngumu kuliko inavyodhaniwa, kwani Mji wa Kale ni makazi ya watu: pana watoto watokao chuoni, wauza kahawa tungu, wazee barazani. Njia rahisi ni kuzifunga njia na kuwasukuma wenyeji pembeni mpaka mabasi yaondoke. Askari akifanya hivyo mgeni huona kuta tupu, na mwenyeji huhesabu siku ya meli kuwa siku ya kero. Tena mwenyeji hupata kidogo. Abiria hulipia ziara yake melini kabla hajakanyaga ardhi. Kampuni ya meli huchukua sehemu yake, wakala sehemu yake, na kinachofika Ndia Kuu ni bei ya kikoi, ya kinyago, ya kikombe kimoja cha kahawa. Mwenye nyumba ya miaka mia mbili, ambayo mlango wake hupigwa picha na kila kundi, hubaki akitafuta fedha za chokaa na boriti.

Zanzibar, ambayo Mji Mkongwe wake uliingia katika orodha hiyo hiyo ya UNESCO mwaka 2000, ina wageni wa meli zile zile, na askari wake hufanya kazi ile ile katika vichochoro vya namna ile ile.

Tangu Novemba 2023, mashambulizi ya Wahouthi dhidi ya meli katika Bahari ya Shamu yalizifanya kampuni kadhaa za meli za watalii kufuta safari za kupitia Mfereji wa Suez, ambao ndiyo njia fupi ya kutoka Ulaya kuja pwani hii. Meli iliyozunguka Rasi ya Tumaini Jema huwa imetumia siku nyingi zaidi baharini, na mwenye ratiba huanza kutazama ni bandari ipi ya kuiruka.