PLAGI MOJA, SAUTI NYINGI
Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima

Natumaini mmekwisha kaa, na kila mmoja ana daftari na kalamu. Leo tutazungumza juu ya plagi, tena tutapiga hesabu kidogo.

Tuseme kikundi cha kukodisha vyombo cha Singida mjini kimeitwa Kiomboi, kwenye mkutano wa wakulima wa alizeti. Jukwaani pana maikrofoni 16: za wasemaji, za kwaya na za ngoma. Mashine ya kuchanganya sauti, yaani mikisa, iko hatua 40 nyuma ya watu. Katikati yapita kebo moja nene yenye nyaya za maikrofoni zote. Kwa umbo lake, mafundi huiita nyoka.

Vijana wa kikundi wanataka kebo hiyo iwe ya kuchomoa, yaani iwe na plagi kila mwisho, ili ikunjwe peke yake na kupakiwa garini upesi. Ni wazo jema. Lakini fikirini: plagi hiyo ikiharibika, sauti zote 16 hunyamaza pamoja. Wakulima wamekuja kusikia bei ya mazao yao, nao hawatasikia. Basi tuchague plagi namna gani?

Kwanza, hesabu pini. Kila maikrofoni ina nyaya tatu. Mbili huchukua sauti. Ya tatu ni kinga: imezizunguka zile mbili ili kuzuia mivumo ya umeme. Andikeni: 16 mara 3. Mmepata ngapi? Naam, 48.

Ziko plagi za pini 25, za pini 37 na za pini 85. Gaweni kila hesabu kwa 3. Mtaona kuwa plagi ya pini 25 yatosha maikrofoni 8, ya 37 yatosha 12, na ya 85 yatosha 28. Kila mara inabaki pini moja.

Muuzaji aweza kusema, "Unganisheni kinga zote kwenye pini moja. 16 mara 2 ni 32. Ongeza 1, ni 33. Plagi moja ya pini 37 yatosha." Hesabu yake ni sawa, lakini shauri lake si zuri. Pini hiyo moja ikilegea, maikrofoni zote zaweza kuvuma. Afadhali mtumie plagi mbili za pini 37, na kila moja ichukue maikrofoni 8. Moja ikiharibika, nusu ya sauti zitabaki, na msemaji atasikika. Pakeni moja rangi nyekundu na nyingine nyeupe, zisibadilishane.

Pili, tazama mwili wa plagi. Singida ni nchi ya upepo na vumbi, na gari hutikisika njiani. Plagi ya pini 25 yenye skrubu ndogo, kama zile za kompyuta za zamani, yafaa ndani ya nyumba, si uwanjani. Chagueni ya chuma, yenye pete ya kukaza na kifuniko cha kuzuia vumbi. Iwe pia na kibano cha kushika kebo, ili mtu akijikwaa, pini zisivutwe.

Tatu, uliza nani ataitengeneza. Pini nyingine hubanwa kwa koleo maalumu, nyingine hulehemiwa kwa risasi. Kama koleo hilo hamnalo, chukueni za kulehemu, maana fundi redio wa sokoni aweza kuzitengeneza.

Nne, na hili ni la uhai: msitumie kwa sauti aina ileile ya plagi inayochukua umeme wa taa za jukwaani. Ziko plagi za taa za duara, zenye pini 19, zinazopitisha volti 230. Mtu mwenye haraka gizani huchomeka chochote kinachoingia. Zisipoingiliana, hawezi kukosea.

Mwisho, andika. Watengenezaji hawafuati mpango mmoja wa pini. Plagi mbili zaweza kuingiliana vizuri, na bado sauti ya kwanza ikatokea mahali pa tano. Kwa hiyo chora jedwali: maikrofoni 1, pini 1, 2 na 3, maikrofoni 2, pini 4, 5 na 6, na kuendelea hivyo. Nakala moja ikae ndani ya kifuniko cha sanduku, nyingine nyumbani. Fundi akiwa safarini, mwenzake ajuaye kusoma ataokoa mkutano.

Sasa zimeni redio, mjadiliane. Kwaherini.

MASWALI
1. Kwaya ina maikrofoni 10. Zahitaji pini ngapi?
2. Kwa nini plagi mbili ni bora kuliko moja?
3. Kwa nini plagi ya sauti isifanane na ya umeme wa taa?
4. Andika jedwali la pini za maikrofoni 4.