SEVA IKIWAKA UPYA ISUBIRI MUDA GANI?

Fungueni madaftari yenu. Leo tutajifunza kwa nini seva, yaani kompyuta inayotunza mafaili ya ofisi nzima, husubiri kwanza ikiwaka upya, na jinsi ya kuchagua muda huo.

Tuanze na foleni ya maji, maana watu wa Handeni mnaijua. Umepanga ndoo yako, ukaenda kukaa kivulini. Mara mlinzi wa bomba anabadilishwa. Huyu mpya hajui nani alitangulia. Akiwa na busara, atasema: "Waliokuwamo waje kwanza waoneshe nafasi zao. Wageni ngojeni." Akiharakisha, wewe uliyeko kivulini utakuta nafasi yako imekwenda. Akingoja nusu siku, wote mtakufa kiu.

Seva nayo ni hivyo hivyo. Tuseme chama cha ushirika kina seva Korogwe, na karani yuko Handeni. Anafungua faili la uzito wa mahindi ya wakulima. Seva inampa kufuli, ili mwingine asiandike humo. Lakini kufuli hilo lina muda wake. Kompyuta ya karani lazima ibishe hodi kwa seva kabla muda haujaisha, la sivyo kufuli litafutwa.

Umeme ukikatika Korogwe, seva husahau makufuli yote. Ikiwaka, kompyuta ya Handeni haina habari mpaka ibishe hodi tena. Hapo ndipo huambiwa kwamba seva imewaka upya, nayo hudai kufuli lake.

Basi, shikeni mambo matatu.

Kwanza, muda wa kusubiri usiwe mfupi kuliko muda wa kufuli. Seva za Linux, kwa kawaida, huwekewa sekunde 90 kwa kila mmoja. Ukiweka kusubiri sekunde 20 tu, karani mwingine aweza kupewa faili kabla yule wa Handeni hajabisha hodi. Kazi ya mmoja itaharibika, na mkulima aweza kukosa malipo ya magunia yake.

Pili, usirefushe bila sababu. Wakati wa kusubiri, anayetaka kufungua faili jipya hukaa akingoja. Ukitaka kupunguza, punguza muda wa kufuli pia, ukijua kwamba kompyuta zitabisha hodi mara nyingi zaidi. Na hapa angalieni sana: mara ya kwanza kuwasha baada ya kupunguza, kusubiri kuwe kwa muda ule wa zamani, kwa kuwa kompyuta za makarani bado zinaufuata huo.

Tatu, si lazima kungoja mpaka mwisho kila mara. Katika toleo la 4.1 la utaratibu uitwao NFS, lililochapishwa mwaka 2010, kila kompyuta husema imemaliza kudai. Seva iliyoandika majina ya wateja wake diskini, ikiona wote wamekwisha kudai, yaweza kufungua mlango mapema.

Na wewe karani, skrini ikikaa kimya baada ya umeme kurudi, usizime mashine kwa hasira. Ngoja dakika mbili.

Maswali ya darasani: Muda wa kufuli ni sekunde 60, kusubiri kusipungue sekunde ngapi? Kwa nini?