Habari za Mbwa wa Kale na Asili Yao



Jioni hii twataka kusema nanyi habari za mnyama ambaye huenda sasa hivi amelala penye kizingiti cha mlango wenu, nanyi hamkumbuki kama yupo ila siku anapoiba nyama. Tumechagua habari hii kwa sababu ya insha moja. Tuliwapa vijana wa chuo chetu kazi ya kuandika juu ya mbwa, na mmoja wao, kijana mwenye akili na mwandiko mzuri, akaandika kwamba mbwa wa Ulaya wana makabila yao yanayojulikana, bali mbwa wa kwao kijijini “hana kabila, ni mshenzi tu.” Hatukumkosoa kwa wino mwekundu, maana hata sisi tulipokuwa wadogo tulisema hivyo hivyo. Lakini neno lile lilitukaa moyoni, tukafungua vitabu. Haya tutakayowaambia ndiyo tuliyoyakuta.

Kwanza tuanze na asili ya mbwa wote. Mbwa hakutokana na bweha, wala na fisi, ambaye wataalamu humweka upande wa paka kuliko upande wa mbwa, ingawa sura yake yatudanganya. Wala hakutokana na mbwa mwitu wa mbuga zetu, yule mwenye madoa na masikio ya mviringo. Huyo ana vidole vinne katika mguu wa mbele, hali mbwa wa nyumbani ana vitano, tena hawawezi kuzaana. Mbwa alitokana na yule mnyama wa nchi za baridi ambaye Biblia yetu ya Kiswahili yamwita mbwa mwitu vilevile, kwa kuwa lugha yetu haikupata kumwona. Ndiye anayetajwa akiwavamia kondoo. Wenyeji wa Ulaya na Asia wamjua sana, na jioni hii tutamwita mbwa mwitu wa baridi, ili tusichanganye mambo.

Basi, mnyama huyo mkali aliingiaje nyumbani mwa mtu? Ilikuwa zamani mno, kabla mtu hajafuga ng’ombe wala mbuzi wala kuku, na kabla hajalima shamba. Mwaka 1914 wachimba mawe katika Ujerumani, mahali paitwapo Oberkassel karibu na mji wa Bonn, walifukua kaburi la mwanamume na mwanamke, na pamoja nao mifupa ya mbwa. Kaburi hilo lina umri wa miaka 14,000 hivi. Wataalamu walipoyachunguza tena meno ya mbwa yule, wakatoa habari zao mwaka 2018, waliona kwamba alikuwa mtoto, umri wake miezi saba tu, tena aliugua vibaya kwa majuma kadhaa kabla ya kufa. Mbwa mdogo mwenye ugonjwa ule hawezi kuishi muda huo ila mtu amlishe, amnyweshe na kumsafisha. Mbwa yule hakuweza kuwinda wala kulinda, hakuwa na faida yoyote, na walimwuguza. Twawaomba mlitafakari jambo hili kidogo, maana watu wale hawakuwa na ghala la chakula.

Huko Ain Mallaha, katika nchi ya Israeli ya leo, lilionekana kaburi jingine la miaka 12,000 hivi. Aliyezikwa humo amelazwa ubavu, na mkono wake umewekwa juu ya mtoto wa mbwa.

Wengine watauliza, yawezekanaje mnyama wa mwitu abadilike hata awe mpole? Jibu lilipatikana Siberia. Mwaka 1959 mtaalamu wa Kirusi, Dmitry Belyaev, alianza kufuga mbweha wa manyoya, na katika kila kizazi aliwachagua wale wasiomwogopa mtu wala kumwuma, akawazalisha hao peke yao. Hakuchagua rangi, wala masikio, wala mkia. Lakini baada ya vizazi vichache walitokea mbweha wanaotikisa mkia wamwonapo mtu na kumlamba mkono. Baadaye wakatokea wenye madoa meupe, na wenye masikio yaliyolegea, na wenye mkia uliojikunja, sawasawa na mbwa wa kijijini. Upole ulileta na sura yake.

Na jambo jingine, hili ni la jikoni. Mbwa mwitu wa baridi hula nyama, na unga haumfai sana. Mwaka 2013 wataalamu walionyesha kwamba ile chembe ya urithi iwezeshayo tumbo kusaga wanga, ambayo mbwa mwitu anazo nakala mbili tu, katika mbwa wengi imeongezeka hata kufikia nakala nyingi. Yaani mbwa alipokaa na wakulima, tumbo lake likajifunza kilimo. Mama anayemtupia mbwa ukoko wa ugali hafanyi kosa.

Sasa tuje Afrika. Mbwa hakuzaliwa katika bara letu. Chembe za mbwa wa kale, zilizochunguzwa na habari zake kutolewa mwaka 2020, zaonyesha kwamba mbwa wa Afrika walitoka Asia ya Magharibi, wakaingia kwa njia ya Misri, kisha wakashuka kusini polepole pamoja na watu na mifugo yao. Hapo Misri ndipo walipopata heshima ambayo mbwa wengi wa leo hawaijui. Wamisri walimwita mbwa kwa neno lililoiga mlio wake, na katika makaburi ya wakubwa wao twaona picha za mbwa wembamba, masikio yamesimama, mkia umejikunja kama pete, wamelala chini ya kiti cha bwana wao.

Mwaka 1935 George Reisner, Mmarekani, alipokuwa akichimba Giza karibu na zile piramidi kubwa, alikuta jiwe lenye maandishi ya mbwa mmoja, jina lake Abuwtiyuw, mlinzi wa mfalme. Maandishi yaeleza kwamba mfalme aliamuru mbwa huyo azikwe kwa heshima, apewe jeneza kutoka hazina yake, na kitani safi kingi, na ubani, na waashi wamjengee kaburi. Mambo haya yalitendeka zaidi ya miaka 4,000 iliyopita. Jina la mbwa lipo hata leo, na sisi hatuyajui majina ya baba wa babu zetu wa tano.

Mfalme mwingine, Intef wa Pili, aliyetawala Thebe mnamo mwaka 2100 kabla ya Kristo, alichongwa katika jiwe la kaburi lake pamoja na mbwa zake, na jina la kila mmoja likaandikwa. Majina hayo si ya Kimisri. Ni ya lugha ya watu wa Libya, na mwandishi akaongeza maana ya baadhi yake: mmoja ni Mnyama wa jangwani, wa jamii ya swala, mwingine ni Mweusi. Kwa hiyo twadhani mbwa hao walitoka ng’ambo ya jangwa, labda kama zawadi. Karibu miaka 1,000 baadaye wezi waliiba katika makaburi ya wafalme, na serikali ikatuma wakaguzi. Taarifa yao ilibaki, nayo yasema kwamba kaburi la Intef walilikuta zima, na sanamu yake ipo, na mbwa wake kati ya miguu yake. Wakaguzi hawakumsahau mbwa.

Wasikilizaji wetu wa pwani watasema kwamba mbwa hakai ndani ya nyumba ya Mwislamu. Ndivyo, lakini mbwa wa kuwinda ana ruhusa yake katika sheria, na Waarabu wa jangwani wanaye saluki, mwembamba, mrefu wa miguu, mwenye mbio za kumkamata paa. Huyo walimlaza hemani, wala hawakupenda kumwita kwa jina la mbwa wa kawaida.

Hapa hatuna budi kusema neno juu ya hayo yaitwayo makabila ya mbwa. Wengi hufikiri ni mambo ya tangu Nuhu. Sivyo. Zamani palikuwa na mbwa wa kuwinda, na wa kuchunga, na wa kulinda, na kila nchi ilikuwa na sura yake ya mbwa. Lakini desturi ya kuandika wazazi wa mbwa kitabuni, na kukataza asizae ila na mwenziwe wa kitabu kile kile, ni ya Waingereza wa karne ya 19. Maonyesho ya kwanza ya mbwa yalifanywa Newcastle mwaka 1859, na chama chao kikuu kilianzishwa London mwaka 1873. Wengi wa mbwa wa kifahari tunaowaona katika picha hawafikii umri wa miaka 200 kwa sura hiyo waliyo nayo. Yuko hata mmoja aitwaye mbwa wa Firauni, mrembo, masikio yamesimama kama ya picha za makaburini. Ametoka kisiwa cha Malta, na chembe zake zaonyesha kwamba yu karibu na mbwa wa Ulaya kuliko wa Afrika. Jina alilipewa kwa sura tu.

Aliye wa kale kweli ni mwingine, naye kwao ni misitu ya Kongo. Wazungu humwita basenji. Neno hili mmelisikia? Ndilo neno letu “washenzi,” limepita katika Kilingala: mbwa wa basenji, yaani mbwa wa watu wa porini. Kwa hiyo tusi letu la kijijini limekuwa jina la heshima katika vitabu vya London na Marekani, na wenye mbwa hao hulipa fedha nyingi.

Mbwa huyu ni mdogo, kimo chake sentimita 40 au 43, uzito wake kilo 10 au 11. Masikio husimama, mkia hujikunja juu ya kiuno, na paji la uso lina mikunjo, kama mzee anayefikiri deni. Hujisafisha kwa ulimi kama paka. Jike hushika joto mara moja tu kwa mwaka kama mbwa mwitu wa baridi, hali mbwa wengine mara mbili. Tena habweki. Si bubu, la. Koo lake limeumbwa kwa namna nyingine, naye akifurahi hutoa sauti ya kupanda na kushuka, kama vigelegele vya mbali. Wawindaji wa msituni, Wambuti na wengine, humfunga kengele ya mti shingoni ili wajue alipo, naye huwaswaga wanyama mpaka nyavuni. Georg Schweinfurth, Mjerumani aliyepita nchi ya Wazande mnamo mwaka 1870, aliandika habari za mbwa wa namna hiyo, wadogo, wenye mkia wa kujikunja.

Wazungu walipotaka kumpeleka kwao, safari ilikuwa ya misiba. Wawili walionyeshwa London mwaka 1895, wakafa upesi kwa distempa, ule ugonjwa wa mbwa wa kutoka kamasi na kutetemeka. (Ndio uliouvuka mpaka wa Serengeti mwaka 1994 na kuua kadiri ya theluthi ya simba, anayechanjwa mbwa wake amewasaidia na simba.) Mwaka 1936 Bibi Olivia Burn aliwachukua wengine kutoka Kongo, na mwaka uliofuata walionyeshwa, watu wakasongamana kuwatazama. Mwaka 1959 Bibi Veronica Tudor-Williams alisafiri hata Sudani ya Kusini, akarudi na jike mwekundu aitwaye Fula, ambaye damu yake imeenea katika mbwa hao karibu wote.

Lakini walitoka katika mababu wachache mno, nao walizaana ndugu kwa ndugu. Ikatokea maradhi ya figo: mbwa hunywa maji bila kiasi, sukari na chumvi za mwili humpotea katika mkojo, naye hukonda mpaka afe. Vitabu vilikuwa safi, na mbwa walikuwa wakifa. Wafugaji wa Marekani wakafanya shauri. Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani: mwaka 1987 na 1988 walifunga safari kurudi Kongo, iliyoitwa Zaire wakati ule, wakaenda vijiji vya mbali na barabara, wakawaomba wanakijiji watoto wa mbwa wao, wasioandikwa popote. Mwaka 1990 chama cha Marekani kikafungua kitabu chake na kuwaandika mbwa hao, wakiwamo wenye milia kama ya chui milia. Mbwa wa kitabu aliponywa na mbwa wa kijiji.

Tena mwaka 2009 wataalamu walichapisha habari za mbwa wa vijijini zaidi ya 300, wa Misri, Uganda na Namibia. Wengi wa wale wa Uganda hawakuwa na mchanganyiko wa damu ya Ulaya. Walikuwa wenyeji, na yule basenji alisimama pamoja nao kama ndugu. Bali mbwa mkubwa wa Rhodesia mwenye mstari mgongoni, anayesifiwa kuwa wa Kiafrika, alionekana kuwa na damu ya kigeni zaidi.

Habari hizi tulizisoma darasani, mbele ya kijana yule wa insha. Alinyamaza kitambo, kisha akanyosha mkono na kuuliza kama mbwa wake naye aweza kuandikwa kitabuni. Tulimjibu kwamba kitabu kipo Marekani, na nauli ni kubwa. Akasema basi atamwandika yeye mwenyewe, katika daftari, na jina la mama yake.

Kwaherini.