Umejuaje? Swali la haki la mpenzi wa kandanda

Ndugu msikilizaji, mwandishi wa habari za michezo akipita Kariakoo hafiki mbali kabla hajasimamishwa. Awe anatoka sokoni au anakatiza Mtaa wa Msimbazi kwenda zake kazini, akishatambuliwa sauti yake tu, mtu atamvutia benchi, muuza kahawa atammiminia kikombe, na swali litafuata: "Kaka, ile habari ya usajili mliyoitangaza jana, nani kawaambia?"

Leo nataka tulizungumze swali hilo, maana naona mpenzi wa kandanda anaonewa kila anapoliuliza.

Kwanza tumfahamu muulizaji. Klabu ya Yanga ilianzishwa mwaka 1935, na Simba mwaka uliofuata, 1936. Makao ya Simba yako Msimbazi, ya Yanga yako Twiga na Jangwani, na mtu anakwenda kwa miguu kutoka huku hadi kule bila kuhitaji daladala. Kwa hiyo mkazi wa hapa hangoji redio wala gazeti ili asikie mambo ya klabu yake. Ana jirani anayefahamiana na kiongozi wa tawi, ana shemeji anayeuza jezi, ana rafiki anayeapa kwamba amemwona mchezaji fulani akishuka kwenye gari usiku wa manane. Fununu anazo za kutosha. Anachokitafuta kwetu ni uthibitisho.

Na sisi tunamjibu nini? Tunamwambia: "Habari hii tumeipata kwenye chanzo cha kuaminika." Akisisitiza, tunamwambia kwamba maadili ya kazi hayaturuhusu kumtaja mtoa habari. Basi mazungumzo yamekwisha, na kahawa imepoa.

Ni kweli maadili hayaturuhusu. Mtu akishaahidiwa siri, siri yake hutunzwa. Karani aliyeuona mkataba, au mchezaji wa akiba ambaye hajalipwa mshahara wake, akitajwa leo kesho hana kazi, na keshokutwa hakuna mwingine atakayethubutu kufungua mdomo. Bila watu hao, mengi yanayowaumiza wachezaji yangebaki gizani. Kwa hiyo simlaumu mwandishi anayekataa kutaja jina.

Lakini, msikilizaji, hapa yako maswali mawili, nasi tumezoea kuyafanya moja. "Nani kakwambia?" ni swali la kwanza. "Umejuaje?" ni swali la pili. La kwanza nina haki ya kukataa kulijibu. La pili sina haki hiyo. Naweza kusema hivi: habari hii nimepewa na mtu mmoja wa upande wa klabu inayonunua, mkataba sijauona, klabu inayouza nimeiuliza, nayo imekanusha. Hapo sijamtaja mtu yeyote, wala sijamfukuzisha mtu kazi. Ila msikilizaji amepata mizani, sasa anaweza kupima mwenyewe.

Tuchukue mfano ambao Kariakoo haijausahau. Bernard Morrison, winga kutoka Ghana, alijiunga na Yanga Januari 2020. Agosti mwaka huohuo Simba ikamtangaza kuwa mchezaji wake. Yanga ikasema huyu bado ni wetu, ana mkataba wa miaka miwili. Mchezaji akasema mkataba alioutia saini ulikuwa wa miezi sita na umekwisha. Mwandishi aliyesikiliza upande wa Jangwani peke yake angeweza kuapa kwamba mkataba upo. Aliyesikiliza upande wa Msimbazi peke yake angeweza kuapa kwamba haupo. Na wote wawili wangekuwa na chanzo cha kuaminika!

Kamati ya Shirikisho la Mpira wa Miguu, TFF, ilikaa, ikaona mkataba ule una kasoro, ikaamua kwa faida ya mchezaji. Yanga ikakata rufaa katika mahakama ya michezo ya kimataifa, CAS, yenye makao yake Uswisi, na Novemba 2021 rufaa hiyo ikashindwa. Ilichukua zaidi ya mwaka mzima kujua neno la mwisho juu ya karatasi ambayo kila kijiwe kilikuwa kimekwisha kuitolea hukumu. Na mwaka 2022 mchezaji yuleyule akarudi Yanga, waliomtukana wakamshangilia!

Funzo ni kwamba mtu huaminika kwa lile alilolishuhudia. Kiongozi anayekueleza klabu yake inaamini nini, anaaminika kwa imani ya klabu yake. Yaliyoandikwa katika mkataba ni jambo jingine, na shahidi wake ni mkataba wenyewe.

Mfano wa pili ni wa Feisal Salum, yule anayeitwa Fei Toto. Desemba 2022 alitaka kuondoka Yanga, na zikaingizwa shilingi milioni 112 katika akaunti ya klabu kwa ajili ya kuvunja mkataba. Fedha kuingizwa, hilo lilikuwa tukio, na risiti ya benki ni ushahidi wake. Lakini kusema kwamba mkataba umevunjika, hiyo ilikuwa tafsiri. Januari 2023 kamati ya TFF ikaamua kwamba Feisal bado ni mchezaji wa Yanga. Alihamia Azam Juni 2023, baada ya klabu hizo mbili kuelewana. Aliyetangaza tukio alibaki salama. Aliyetangaza tafsiri kama tukio aliwaacha wasikilizaji wake njia panda miezi sita.

Wahenga walisema, ukiona vyaelea vimeundwa. Na habari za usajili zinazoelea mjini kila dirisha linapofunguliwa, nazo zina mafundi wake. Kwa kanuni za FIFA, mchezaji aliyebakiza miezi sita katika mkataba wake anaruhusiwa kuzungumza na klabu nyingine. Wakala wake akitaka bei ipande, njia rahisi ni kumnong'oneza mwandishi kwamba watani wanamnyemelea. Kiongozi anayekaribia uchaguzi naye anaweza kuvujisha jina la mshambuliaji mkubwa wa nje, ili wanachama wamwone ni mtu wa kazi. Na mtu wa upande wa pili anaweza kusambaza kwamba kipa wa watani amegombana na kocha, wiki moja kabla ya pambano. Wote hawa ni "vyanzo vya ndani". Kwa hiyo katika kujibu "umejuaje", mwandishi hana budi kujiuliza pia: huyu aliyeniambia anafaidika nini?

Kuna methali nyingine inayopendwa sana vijiweni: lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Kwa habari za usajili methali hii haina madhara makubwa. Mtu atanunua jezi yenye jina la mchezaji asiyekuja, atachekwa na watani, yatapita. Lakini methali hiyohiyo ikiingizwa katika neno moja zito, hugeuka kuwa sumu. Neno lenyewe ni "kauza mechi".

Kila mara mmoja wa watani hawa anapofungwa mabao mengi, neno hilo hutafuta mtu wa kumkalia. Mara nyingi humkalia kipa, au beki aliyeteleza. Atatajwa jioni, usiku kiasi cha fedha kitakuwa kimejulikana, na asubuhi itajulikana hata nyumba alikopokelea. Hakuna aliyeiona fedha, wala aliyemwona mtoaji. Ukiuliza, utaambiwa "mbona inasemekana?" Sasa hebu tulitazame neno hili "inasemekana". Ni kitenzi kisicho na mwenyewe. Inasemekana na nani? Kijana wa miaka ishirini na kitu, anayelisha wazazi na wadogo zake kwa miguu yake, anaitwa mwizi na mtu asiyekuwapo. Mama yake anazomewa akienda sokoni. Uchunguzi hata ukimsafisha baadaye, wa kuutangaza usafi wake kwa sauti ileile hatapatikana.

Ndiyo maana nasema swali la mpenzi wa Kariakoo si usumbufu. Ni ulinzi, na ulinzi huo unamfaa mchezaji kabla haujamfaa mtu mwingine yeyote.

Vilevile unamfaa mwenye nauli yake. Tukumbuke Machi 8, 2025, siku iliyopangwa kwa pambano la watani. Usiku wa kuamkia siku hiyo Simba ikaeleza kwamba imezuiwa kufanya mazoezi katika Uwanja wa Mkapa, na kwamba haitacheza. Yanga ikasisitiza kwamba mchezo upo na yenyewe itafika. Saa chache kabla ya mchezo, Bodi ya Ligi ikatangaza kuuahirisha. Hatimaye ulichezwa Juni 25, Yanga ikashinda mabao mawili kwa bila. Katika saa zile za katikati, mtu aliyetoka mkoani na tiketi mfukoni hakuhitaji kuambiwa "mechi ipo" wala "mechi haipo". Alihitaji kuambiwa: Simba imesema hivi, Yanga imesema hivi, na mwenye mamlaka ya kuamua ni Bodi, ambayo bado haijasema. Maneno hayo hayana utamu wa kuuzia gazeti, lakini yangemsaidia kuamua kama apande basi au angoje.

Sasa na wewe mpenzi una wajibu wako, maana haki haiji peke yake. Usipokee kichwa cha habari ukaacha habari. Pale kwenye meza za magazeti watu husoma maandishi makubwa mekundu wakaondoka na hukumu, na ndani, mstari wa nne, kumeandikwa "huenda". Sisi wa magazeti na redio tusijifanye hatulijui hilo. Tunajua kwamba "huenda" haiuzi. Lakini mnunuzi anayesoma hadi mstari wa nne, na kesho akakataa kununua, anatufundisha adabu haraka kuliko semina.

Jifunze pia kuuliza kwa ufundi. Ukiambiwa mchezaji wa kutoka nje "amekwisha kuwa wetu", uliza kama hati yake ya uhamisho wa kimataifa imetoka. Tangu Oktoba 2010 uhamisho wa aina hiyo hupitia mfumo wa kompyuta wa FIFA, ambamo klabu mbili huingiza taarifa zao na taarifa hizo hazina budi kulingana. Picha ya mchezaji akiwa uwanja wa ndege haitoshi. Watu wengi hupita uwanja wa ndege. Ukiambiwa "ana mkataba", uliza unakwisha lini na nani ameuona. Ukiambiwa "kauza mechi", uliza shahidi ni nani, na kama hayupo, neno hilo lifie hapohapo kwenye benchi. Usiliendeshe mtaa wa pili.

Na mwandishi atakayeulizwa, asikasirike. Aseme nimeona, au nimeambiwa na aliyeona, au nimesikia tu. Daraja hizo tatu mtoto wa shule anazielewa. Atakayeona aibu kusema "nimesikia tu" mbele ya wanywa kahawa wa Msimbazi, basi habari hiyo asiipeleke mbele ya kipaza sauti.