Aliyekaa Kando ya Njia
(Neno lililotolewa kwa kamati za parishi, Buigiri)



Tumekutana hapa Buigiri, kando ya barabara kuu iendayo Morogoro na Dar es Salaam. Jirani yetu ni Ikulu ya Chamwino, iliyozinduliwa mwaka 2023. Magari ni mengi. Wengi wanapita, wachache wanasimama.

Injili ya Marko, sura ya 10, inatupa habari za Bartimayo, kipofu aliyeketi kando ya njia ya Yeriko akiomba. Aliposikia kwamba Yesu anapita, alipaza sauti. Waliomkemea ili anyamaze hawakuwa wapagani. Walikuwa kwenye msafara wa Yesu mwenyewe! Hapo ndipo tunapojiona sisi. Mtu anaweza kutembea na Bwana kila Jumapili na bado akamnyamazisha maskini.

Wazee wetu katika imani hawakunyamazisha. Mwaka 1950 Kanisa Anglikana lilianzisha hapa Buigiri shule ya watoto wasioona, ya kwanza nchini. Watoto ambao wengine waliwaona kuwa mzigo walifundishwa kusoma kwa vidole, kwa maandishi ya nukta nundu.

Lakini tujiulize: upofu mwingine unatoka wapi? Hapa Ugogo, hasa upande wa Kongwa, trakoma imewatesa watu miaka mingi. Huenezwa na nzi, mikono michafu na nguo za kufutia uso. Mtoto akiambukizwa mara kwa mara, ukubwani kope hugeukia ndani na kukwaruza jicho hadi linapofuka. Akina mama huumia zaidi, kwa kuwa ndio wanaolea watoto. Utafiti uliofanyika Kongwa na kutangazwa mwaka 1995 ulionyesha kuwa, pamoja na dawa, kunawisha watoto uso kunapunguza ugonjwa huo ukiwa mkali.

Basi upofu huu unazuilika kwa maji, usafi, dawa na upasuaji mdogo wa kope. Kwa hiyo pampu ya kijiji inapoharibika nasi tukasema, "Hiyo ni kazi ya serikali," tumemwambia Bartimayo anyamaze.

Yesu alisimama, akaagiza aitwe. Kisha akamwuliza anataka afanyiwe nini. Bwana aliona wazi kwamba mtu huyu ni kipofu, lakini bado alimwuliza. Sisi mara nyingi tumeketi mezani tukapanga miradi ya walemavu bila mlemavu hata mmoja kati yetu. Tumegawa nguo pale palipohitajika fimbo nyeupe. Huko nako ni kutojali, ingawa kumevaa joho la huruma. Tunatubu.

Tunaziomba kamati zifanye mambo matatu kabla ya kikao kijacho. Kwanza, tembeleeni kila nyumba yenye mtu asiyeona, mkamwulize anahitaji nini. Pili, mpeni nafasi ndani ya kamati, si ya kuhurumiwa bali ya kuamua. Tatu, kagueni visima vya eneo lenu, mtuletee taarifa.

Nanyi wafadhili wetu, tunawashukuru sana. Msichoke kutuuliza kama tumewasikiliza wale mnaowatumia msaada.

Ule umati uliomkemea Bartimayo ndio uliotumwa kumwita, nao ukamtia moyo. Kumbe hata sisi tunaweza kubadilika. Mungu atusaidie tusimame. Amina.